Matusi ya Mitaani ya Uingereza: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: "Berk", yaani mjinga, ni utani mwepesi usio na uchafu ndani yake.

Ukweli: Siku hizi ni mwepesi, lakini mzizi wake ni mchafu kupindukia. Umetoka kwenye misimu ya vina ya Cockney, yaani wenyeji wa mashariki mwa London. Huchukuliwa fungu la maneno ambalo mwisho wake una kina na neno linalofichwa, kisha mwisho huo huachwa. "Apples and pears" husimama badala ya "stairs", yaani ngazi. Kinachotamkwa ni "apples" peke yake, na mgeni anabaki gizani. Kwa "berk", fungu ni "Berkeley Hunt", kundi la wawindaji wa mbweha wa Gloucestershire, na "hunt" ina kina na tusi la kutaja uke, miongoni mwa mazito kabisa katika Kiingereza. Wengi humwita mtu "berk" mbele ya watoto bila kujua hilo.

Dhana: "Barmy", yaani mwehu, imetokana na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Barming, Kent.

Ukweli: Hospitali hiyo ilifunguliwa 1833, na neno lilikuwepo karne nyingi kabla. "Barm" ni povu la chachu linaloelea juu ya pombe inayochachuka. Aliyeitwa hivyo, kichwa chake kimejaa povu.

Dhana: "Chav" ni herufi za mwanzo za "Council Housed And Violent", yaani mkazi wa nyumba za halmashauri tena mkorofi.

Ukweli: Herufi hizo zilibandikwa baadaye. Asili inayokubalika zaidi ni Kiromani, neno la mtoto au kijana. Ukielezwa kuwa tusi ni kifupisho, shuku kwanza: mtindo huo wa kuunda maneno ulienea karne ya 20, na matusi mengi ni makongwe kuliko hapo. Maana ya "chav" nayo si ya mzaha. Inadharau tabaka la watu maskini.

Matusi mengine nayo yana mizizi michafu: "git" ilimaanisha mwanaharamu, "prat" matako, "pillock" uume. Yote yamepoa.

Dhana: "Nonce" ni mjinga tu, kama "muppet".

Ukweli: Hapa ndipo wageni huumia. "Muppet" unaweza kumwambia rafiki aliyekosa penalti. "Nonce" ni lugha ya magereza kwa anayewadhulumu watoto kingono. Kumtupia mtu neno hilo ukiwa kwenye baa ni kumtuhumu uhalifu huo mbele ya watu, na ngumi hufuata.