Je, wajua nani huamua watafiti wachunguze nini kwanza kuhusu mifupa ya watoto?

Tanga ni mji wa baiskeli, na watoto wa Ngamiani hudondoka kwenye kario kila uchao. Anayedondoka huutanguliza mkono, na kwa kuwa mfupa wa mtoto ni laini, mara nyingi haukatiki. Unabonyea tu upande mmoja karibu na kifundo cha mkono, kama debe lililoangushwa. Anafungwa hogo. Wiki ya pili ngozi inamwasha hadi halali, na mama anampa njiti ya chelewa ajikunie kwa ndani.

Sasa, hogo lenyewe lilikuwa la lazima? Uingereza waliliuliza swali hilo kwa dhati. Watoto 965 wenye mfupa uliobonyea hivyo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine bandeji laini, wengine kifungo kigumu. Baada ya siku tatu maumivu yalikuwa karibu sawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Mimi kilichonishangaza ni kwamba kuna mtu aliyekubali kutoa fedha kwa swali dogo namna hii. Nani alilipanga foleni?

Zamani hapakuwa na foleni. Profesa alichunguza kinachomvutia, mwenye kiwanda cha vyuma vya mifupa akachunguza vyuma vyake. Siku hizi kuna utaratibu. Mmoja unaitwa Delphi: madaktari wanaandika maswali yao, kila mtu anayapa alama bila kujulikana ni nani, majibu yanajumlishwa na kurudishwa kwao, wanapiga alama tena. Jina linafichwa kwa sababu ambayo yeyote aliyewahi kukaa barazani anaijua: mzee akishasema, wadogo hubaki kuitikia. Mwaka 2018 wapasuaji wa mifupa ya watoto wa Uingereza walichapisha orodha waliyoipata kwa njia hiyo.

Mwingine ni wa James Lind Alliance, mpango wa Uingereza ulioanza mwaka 2004. Jina ni la Lind, daktari wa meli ambaye mwaka 1747 aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na dawa yake, na waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka. Katika utaratibu huu madaktari hawakai peke yao. Wagonjwa na wazazi wamo, maswali yanakusanywa, yaliyokwisha kujibiwa yanaondolewa, na yanayobaki yanachujwa hadi kumi. Upasuaji wa miguu ya watoto umeshapitishwa kwenye chujio hilo.

Wazazi wana nini cha kumwongezea bingwa? Chukua mguu kifundo, ule anaozaliwa nao mtoto ukiwa umepinda. Tiba ya Ponseti inaunyoosha kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi, kisha mara nyingi kano ya kisigino inakatwa kidogo. Hapo daktari ameshamaliza sehemu yake kubwa. Nyumbani ndiko kazi inakoanza: viatu vilivyounganishwa na chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi mtoto afike kama miaka minne. Asipovivaa, mguu unarudi kupinda. Kwenye benchi la kliniki moja hapa Tanga nilimsikia bibi akiuliza, "Mwanangu, na chuma hiki katikati, mbelekoni namtia vipi?" Bingwa hawezi kulifikiria swali hilo, hajawahi kumbeba mtoto huyo kwenda shamba.

Ila orodha ya Uingereza tusiichukue nzima nzima. Ugonjwa wa Perthes, ambao kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kusagika, ulielezwa mwaka 1910 na mabingwa bado wanabishana kama wapasue au wasipasue. Kwao ni swali kubwa. Kwetu huku karibu na ikweta ni nadra. Nyonga ya kuzaliwa isiyokaa sawasawa nayo haionekani sana Afrika, na wapo watafiti wanaoisifu mbeleko, kwa kuwa inamtanua mtoto mapaja.

Tanga utafiti si mgeni. Kule Amani, milimani Usambara, malaria imechunguzwa tangu miaka ya 1950. Karatasi ya maswali ya mifupa ikipitishwa hapa, mimi ningetarajia mguu kifundo wa mtoto aliyeletwa akiwa tayari anautembelea, na gango la kufungia mfupa uliovunjika lililobanwa hadi vidole vikafa ganzi. Juu kabisa ningeweka la mama mwenye mtoto wa selimundu (sikoseli): saa nane za usiku mguu unauma, una joto, umevimba. Atajuaje kama ni maumivu yaleyale ya kila mara, au ni usaha umeingia mfupani? Asidhani ni yeye tu. Dalili za mambo hayo mawili zinafanana kiasi kwamba hata daktari, akiwa na picha na vipimo mkononi, humtatiza.