Je, wajua bakteria wa probaiotiki, ule unga wa bakteria hai anaopewa mbwa kwa ajili ya tumbo, hukaa muda gani ndani yake?

Siku chache tu. Ukiacha kumpa mbwa unga au kidonge chenye bakteria hai, mara nyingi bakteria hao hupungua kwenye kinyesi chake siku hadi siku, na baada ya wiki moja au mbili hawaonekani tena. Hawakuhamia kwake. Walikuwa wanapita.

Kwa miaka kadhaa niliamini kinyume cha hayo. Niliona kumpa mbwa probaiotiki ni kama kupanda mbegu: unamwaga, zinaota, unavuna. Mbwa wetu Askari, hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, aliandikiwa antibaiotiki za siku 7 kwa kidonda cha mguu. Siku ya nne akaanza kuharisha, kinyesi laini kama udongo wa mfinyanzi kilichofunikwa ute unaong'aa, na usiku kucha akawa anakwaruza mlango atolewe nje. Nikaagiza kopo la unga Kampala. Lilikuja na basi, kilomita zipatazo 480 kupitia Karuma na Pakwach, limebanwa na mizigo mingine kwenye buti la moto. Nikachota kijiko, nikakikoroga kwenye posho (ugali) na mukene (dagaa) vilivyotoka jikoni vikifuka mvuke. Siku ya tano ya kuharisha kinyesi kilishikamana. Nikafunga kopo, nikaliweka juu ya kabati, nikiwa na hakika kwamba bakteria wameshaota mizizi.

Hapo kuna makosa matatu, na kubwa kuliko yote ni hilo la mizizi.

Wazo la kula bakteria kwa ajili ya afya si geni. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, ndiye aliyeeneza hoja kwamba bakteria wa maziwa ya mgando wanaweza kumfaa anayeyanywa. Mwaka 2001 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) walikubaliana maana ya probaiotiki: vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea mwenyeji manufaa ya kiafya. Ukiisoma maana hiyo polepole utaona kwamba hakuna mahali inaposema vijidudu hivyo vibaki tumboni.

Kwa nini havibaki? Fikiria steji ya bodaboda. Kila steji ina wenyewe. Ina mwenyekiti, ina orodha ya majina, na kila dereva anaijua zamu yake na kivuli anachoegesha chini ya mwembe. Akija mgeni na pikipiki mpya, hata akija na wenzake hamsini, hapati pa kusimama. Abiria wa asubuhi wana madereva wao, wa jioni pia, hata mama wa kupeleka mihogo sokoni ana dereva wake wa kila siku. Hakuna aliyempiga huyo mgeni. Amekosa kazi tu, na mchana ukifika ameondoka.

Utumbo mpana wa mbwa ni steji iliyojaa hivyo. Gramu moja ya kilichomo inaweza kuwa na bakteria kati ya bilioni moja na bilioni 100. Wenyeji hao wamegawana kila kitu. Kuna wanaokula nyuzinyuzi, kuna wanaokula mabaki ya nyama, na kuna wanaoishi kwenye ute unaofunika ukuta wa utumbo. Sukari yoyote inayofika huko chini inadakwa kabla mgeni hajaigusa. Wengine hutoa asidi, na wengine hutoa protini ndogo zinazoua bakteria wa jamii iliyo karibu na yao, kwa sababu huyo ndiye mpinzani anayegombea chakula kilekile. Ulinzi huu ndio unaomzuia hata mdudu mbaya kujikita, kwa hiyo hatuna sababu ya kuulalamikia. Steji inayomkataa mgeni mwema ndiyo hiyohiyo inayomkataa kibaka.

Hesabu nayo haimsaidii mgeni. Kabla hajafika huko anavuka asidi ya tumbo la mbwa, ambayo ni kali sana, kisha nyongo. Kijiko chenye bakteria bilioni moja kinasikika kikubwa, lakini ndani ya utumbo wenye bakteria kwa matrilioni ni pikipiki moja iliyoingia mji wenye pikipiki elfu na zaidi.

Sasa, kama wanapita tu, wana faida gani? Hapa ndipo mambo yanaponivutia zaidi. Waliotuachia msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone hawakusema mgeni lazima ajenge nyumba. Dereva anayepita mjini hubeba abiria wawili watatu njiani, na abiria aliyekwisha kubebwa hamfikii kibaka anayemvizia kwenye kona. Vivyo hivyo, bakteria anayepita hula chakula ambacho mdudu mbaya angekila. Akikila hutoa asidi ya laktiki, na wadudu wengi wasumbufu hawaipendi. Chini ya ukuta wa utumbo kuna chembe za kinga nyingi mno zinazopiga doria, nazo humwona mgeni na kujibu kuja kwake. Kazi yote hiyo inafanyika akiwa safarini, na inaisha akishatoka. Ndiyo maana hutolewa kila siku kwa kipindi ambacho tumbo limevurugika. Dozi chache halafu kopo juu ya kabati si kupanda chochote.

Kuna wakati ambapo steji inakuwa tupu kweli: baada ya antibaiotiki. Nilidhani huo ndio wakati ambapo wageni wanafaa kuliko wakati wowote, na pengine kwa mbwa fulani ni kweli. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwapa watu probaiotiki baada ya antibaiotiki, wakaona kwamba wageni walikaa sana, na wenyeji wa zamani walichelewa kurudi kuliko kwa watu ambao hawakupewa kitu. Nafasi zilikuwa zimeshakaliwa. Hao walikuwa watu, si mbwa, na bidhaa ilikuwa moja yenye mchanganyiko wake, kwa hiyo nisingeutumia utafiti huo kumkataza mtu. Ulichonifundisha ni kuacha kusema kwamba hata kisiposaidia hakiwezi kudhuru. Na kama daktari amekuandikia vyote viwili, muulize uachanishe saa ngapi kati ya dozi, kwa sababu antibaiotiki haichagui bakteria wa ugonjwa na wa kopo. Hamira iitwayo Saccharomyces boulardii haina shida hiyo, kwa kuwa ni kuvu, na dawa ya bakteria haiiui.

Kosa la pili lilikuwa mvuke wa posho. Viumbe hai huungua. Bakteria wengi wa jamii ya Lactobacillus hawahimili chakula cha moto, wala kopo kukaa wiki nzima kwenye joto la mchana. Wale wa jamii ya Bacillus hutengeneza mbegu ngumu zinazovumilia zaidi, na kwa sisi tunaokaa kwenye joto na umeme wa kukatika hilo ni jambo la kuangalia kabla hujatoa pesa. Kwa vyovyote, posho ipoe kwanza. Ukichovya kidole na ukakiacha humo bila kusikia joto, koroga.

Kosa la tatu ni kwamba sikujua nilichonunua. Kwenye kopo langu paliandikwa "Lactobacillus" na namba kubwa, basi. Jina hilo peke yake halitoshi. Ni kama kumwambia mtu akuletee mbwa wa kulinda, naye akaleta mbwa yeyote aliyemkuta barabarani. Ndani ya spishi moja kuna nasaba nyingi zenye tabia tofauti kabisa. Mfano ulio wazi ni Escherichia coli. Nasaba ya O157:H7 inaweza kuwaua watu kwa kuharisha damu na kuharibu figo, ilhali nasaba ya Nissle 1917, iliyochukuliwa kwa askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia, imetumika kama dawa ya tumbo. Jina la spishi ni lilelile. Kwa hiyo bidhaa inayojieleza vizuri hutaja majina mawili na alama ya nasaba mwishoni, kwa mfano Enterococcus faecium SF68 au Bifidobacterium animalis AHC7, ambazo zimejaribiwa kwa mbwa. Hutaja pia idadi ya bakteria walio hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, maana idadi ya siku ya kutengenezwa haikusaidii wewe uliye Arua miezi 14 baadaye. Hata hivyo lebo yenyewe ni ya kupimwa. Utafiti uliochapishwa Canada mwaka 2011 ulichunguza bidhaa 25 za probaiotiki, na mbili tu ndizo zilizokuwa na lebo ya kuridhisha na ndani mkawa na kile kilichoahidiwa.

Watu huniuliza kuhusu mtindi, na bongo, yaani maziwa yetu ya mgando ya kila siku. Uganda ina mtindi wenye nasaba inayojulikana: shirika la Yoba for Life husambaza vianzio vya kugandishia kwa wasindikaji wadogo, wengi wao upande wa kusini magharibi, na ndani yake mna nasaba ya Lactobacillus rhamnosus yenye asili moja na ile maarufu ya GG. Lakini ulitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Kijiko cha mtindi mtupu hakitawadhuru mbwa wengi, ingawa mbwa wengi waliokomaa hawaimudu sukari ya maziwa, na ukizidisha utamharisha yule uliyetaka kumtibu. Jihadhari zaidi na bidhaa za watu zilizotiwa utamu bila sukari. Zilitolu, utamu usioleta shida kwetu, hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kuharibu ini lake. Soma viambato vyote, hata vya maandishi madogo.

Vimeng'enya vya kusagia chakula sitavizungumzia sana. Mbwa mwenye kongosho zima anavitengeneza mwenyewe, na utafiti wa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwamwitu, kwa hiyo posho si adui wa tumbo lake. Vimeng'enya vya kopo vina kazi kubwa kwa mbwa ambaye kongosho lake limeshindwa, tatizo linaloonekana sana kwa German Shepherd. Huyo hula sana, hukonda, na kinyesi chake ni kingi, cha rangi iliyopauka, chenye mafuta. Huo ni ugonjwa wa kupimwa na daktari.

Kuwalisha wenyeji kunanipendeza zaidi kuliko kukaribisha wageni. Nyuzinyuzi ambazo mbwa hawezi kuzisaga ndizo chakula cha bakteria wake wa kudumu. Boga lililochemshwa na kupondwa, vijiko viwili kwa mbwa wa ukubwa wa kati, linapatikana kila soko na halihitaji basi wala friji. Vitunguu maji na vitunguu saumu navyo vina nyuzinyuzi za aina hiyo, na kwa watu husifiwa kwa ajili hiyo hiyo, lakini kwa mbwa ni sumu inayovunja chembe nyekundu za damu. Mabaki ya mchuzi wa kitunguu yasiende kwenye bakuli lake.

Na ushahidi kwa ujumla ukoje? Umegawanyika. Jaribio moja la mwaka 2009 kwa AHC7 liliona kuharisha kukiisha kwa wastani wa siku 3.9, badala ya siku 6.6 kwa mbwa waliopewa unga usio na kitu. Kwa upande mwingine, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihitimisha kwamba kwa kuharisha kwa ghafla faida ni ndogo sana, pengine isiyo na maana kwa mgonjwa mwenyewe. Mbwa wengi wazima hupona kuharisha kwa kawaida ndani ya siku chache, wapewe au wasipewe. Askari alipona siku ya tano. Huenda angepona siku hiyohiyo na kopo likiwa bado limefungwa.

Kwa sababu hiyo kopo lisikucheleweshe. Damu kwenye kinyesi, kutapika mfululizo, kukataa maji, fizi zilizopauka, au mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo: peleka kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Parvo, ugonjwa wa virusi, humkausha maji mtoto wa mbwa kwa muda mfupi mno. Minyoo nayo hufanana na tumbo lililovurugika, na hakuna bakteria wa kopo anayeitoa.

Siku hizi tukijaribu bidhaa kwa Askari tunajaribu moja tu, kwa wiki nne, bila kubadilisha chakula. Binti yangu ana daftari la shule lililobaki kurasa, na kila asubuhi anaandika tarehe, mara ngapi ametoka nje, na kinyesi kikoje: kigumu, kimeshikamana, laini, maji. Wiki ya kwanza anaandika kabla hatujampa kitu chochote.