Je, wajua kwa nini Scoop, programu ya kusakinisha programu nyingine, haiombi nenosiri la msimamizi inapoziweka kwenye Windows?

Tuseme kijana ameajiriwa katika steshenari moja ya Tabora mjini, akaja mteja na video ya harusi iliyo nzito kiasi cha kugoma kutumwa kwa WhatsApp, na ffmpeg, programu ya kuipunguza ukubwa, haimo kwenye kompyuta ya dukani. Akiendesha faili la kawaida la usakinishaji, Windows humtolea kidirisha kinachodai nenosiri la msimamizi, analolijua mwenye duka peke yake, naye kasafiri kwenda Urambo. Lakini ikiwa kompyuta ina Scoop, kijana atafungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, ataandika `scoop install ffmpeg`, na programu itaingia bila kuulizwa nenosiri lolote.

Hapo hakuna ulinzi uliokwepwa. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, mfumo huu huomba idhini kila programu inapotaka kugusa maeneo ya watumiaji wote, kama vile folda ya Program Files. Folda ya mtumiaji mwenyewe, iliyo ndani ya `C:\Users`, ni himaya yake, na humo anaweza kuweka faili bila kumwomba mtu ruhusa. Programu za kubebeka, yaani zile ambazo kila kinachohitajika kimo ndani ya folda zake zenyewe, hutosheka na nafasi hiyo, na ndimo Scoop inamoziweka.

Scoop, iliyoanzishwa na Luke Sampson mwaka 2013, ni meneja wa vifurushi, yaani programu ya kupakua, kusakinisha na kusasisha programu nyingine, anayefanya kazi kwa amri za kuandika. Kila programu ina faili dogo la maelezo lenye namba ya toleo, anwani ya kupakulia na alama ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Scoop hupakua faili, huikokotoa alama hiyo upya, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, husimamisha kazi. Kwangu mimi faida hii inaipita ile ya kutoombwa nenosiri, maana programu nyingi mitaani huhamishwa kwa flashi ambayo haijulikani imepita kwenye kompyuta zipi. Hata hivyo, alama huthibitisha tu kwamba faili ni lile lililoandikishwa. Haithibitishi kwamba aliyelitengeneza ni mwema.

Baada ya ukaguzi, faili hufunguliwa katika folda yenye jina la toleo, ndani ya `scoop\apps\ffmpeg`. Pembeni yake huwekwa kiungo kiitwacho `current`, kinachoelekea kwenye toleo linalotumika, na katika folda ya `shims` huwekwa kiprogramu kidogo cha kuiita ffmpeg kutoka folda yoyote uliyomo. Toleo jipya likija, kinachogeuzwa ni kiungo tu, kama vile katika stesheni ya Tabora, ambako treni huelekezwa Kigoma au Mwanza kwa kugeuza makutano bila kung'oa reli. Mipangilio ya programu nyingi hutunzwa kando, katika folda ya `persist`, hivyo haipotei toleo linapobadilika.

Kwa anayenunua bando kwa kujibana, folda ya `cache` nayo ina thamani, kwa sababu hubaki na faili zilizokwisha kupakuliwa, na kuisakinisha tena programu ya toleo lile lile hakuli data upya.

Wako mameneja wengine wa vifurushi. Winget ya Microsoft nayo hupokea programu za kubebeka tangu toleo la 1.3 la mwaka 2022, na huziweka katika folda ya mtumiaji vilevile. Chocolatey, kwa matumizi yake ya kawaida, hutaka haki za msimamizi.

Kuiweka Scoop yenyewe huhitaji kwanza kuiruhusu PowerShell iendeshe skripti, yaani faili zenye mfululizo wa amri, kwa amri ya `Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser`, na mwenye kompyuta akitaka anaweza kuufunga mlango huo kwa sera za mfumo. Aidha, dereva ya printa haiwekwi kwa njia hii, kwa kuwa lazima iingie ndani ya mfumo wenyewe. Ikikosekana, kijana wetu hana budi kumpigia simu mwenye duka.