Kibandiko cha glasi hakiilindi lenzi

Wengi wanaoagiza lenzi ya kamera mtandaoni huamini kuwa kibandiko chenye picha ya glasi, yaani onyo la kitu kinachovunjika, kinatosha kuifikisha salama. Ni imani inayoeleweka. Ila kifurushi hupita kwenye mikanda ya mashine na kurundikwa chini ya mizigo mingine, na mashine hazijali onyo hilo. Kinachoilinda lenzi ni kutocheza ndani ya boksi: sponji au plastiki ya mapovu, takriban sentimita 5 kila upande, ndani ya boksi la pili lililo imara.

Mwombe muuzaji picha ya ufungaji kabla hajatuma. Mzigo ukifika, utikise taratibu, kisha ufungue huku ukirekodi video. Lenzi yenye kituliza mtikisiko (sehemu ya ndani inayozuia picha kutoka na ukungu mkono ukitikisika) inaweza kugongagonga kidogo ikiwa imezimwa. Hilo ni kawaida.