Mapumziko ya anayeuguza ni nini?

Mama kapata kiharusi, upande mmoja hausogei. Binti yake, hapo Mbagala, anamgeuza kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya mgongo. Anamwogesha, anamnywesha uji, anafua mashuka, na usiku anaamka tena. Wageni wakija wanauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Yeye mwenyewe kalala saa ngapi, hakuna anayeuliza.

Huduma ya mapumziko ni mpango wa kumpokea zamu mtu huyo kwa muda, iwe saa tatu au wiki nzima. Huweza kuja mtu aliyefunzwa akashinda na mgonjwa nyumbani, au mgonjwa akapelekwa kituoni asubuhi na kurudishwa jioni, kama watoto wa dei kea. Mgonjwa anahudumiwa, ndiyo, lakini mlengwa ni anayeuguza. Ndiyo maana si sawa na uuguzi wa nyumbani: nesi akija kusafisha kidonda, binti bado anasimama pembeni kushika beseni.

Zamani shangazi angetoka Lindi akakaa mwezi, na hayo nayo yalikuwa mapumziko, ila hayakuwa na jina. Yakiwa sera ya umma, maana yake serikali ndiyo inaamua nani anastahili, kwa muda gani, na nani analipa. Ujerumani, bima ya matunzo iliyoanza 1995 humlipa mtu wa kushika nafasi ya ndugu anayeuguza, kwa wiki kadhaa kwa mwaka. Marekani ilitunga sheria yake ya mapumziko ya walezi mwaka 2006.

Kwetu Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo; makazi ya serikali, kama ya Nunge kule Kigamboni, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Sawa, ila "familia" ya Dar mara nyingi ni mtu mmoja, wengine wanatuma pesa kwa simu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Kwa mzazi, ilitaja kufariki tu.

Kwa hiyo zamu inaangukia kwa dada wa kazi, aliyeajiriwa kupika na kufagia, na ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kumgeuza mtu mzima bila kumvuta ule mkono uliopooza.