Mawazo si Chanzo cha Ugumba: Afya ya Akili ya Mwanamke Anayetafuta Mtoto

Mwanamke anayetafuta mtoto huja kliniki na bahasha ya kaki iliyojaa. Ndani yake kuna picha za utrasaundi, majibu ya homoni na kipimo cha mirija, pengine vya miaka kadhaa na kutoka hospitali tofauti. Ukipekua karatasi moja baada ya nyingine, zote zina jina lake. Kipimo cha mbegu za mume, ambacho ni rahisi na hakina maumivu, mara nyingi hakimo.

Ugumba ni hali ya wenzi kukutana mara kwa mara bila kinga kwa mwaka mzima au zaidi na mimba isitunge. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia hali hii wakati fulani maishani. Kwa karibu nusu ya wenzi hao, mwanamume naye ana tatizo, ama peke yake ama pamoja na mke. Hata hivyo, anayeulizwa "mbona kimya?" ni mwanamke. Anayepelekwa kwa mganga kutibiwa chango ni yeye, anayeitwa mbele ya waumini aombewe ni yeye, na mawifi wakikaa kikao cha kumtafutia kaka yao mke wa pili, anayejadiliwa ni yeye.

Ndani ya chumba chake, mwezi una nusu mbili. Siku zikichelewa kidogo tu, anaanza kuhesabu, anaacha kubeba ndoo nzito, ananunua kipimo cha mimba kwa siri. Kisha damu inatoka. Analia kama aliyefiwa, lakini hakuna tanga wala anayekuja kumpa pole, na baada ya wiki mbili anatakiwa aanze kutumaini upya. Wengine huacha kwenda kwenye arobaini za watoto wa shoga zao, halafu wanajilaumu kwamba wana roho mbaya. Hawana roho mbaya. Wanakimbia maumivu, na hilo ni jambo la kibinadamu kabisa.

Tendo la ndoa nalo hugeuka kazi ya kalenda, na wawili waliokuwa wakicheka pamoja wanaanza kuoneana haya. Usiku usingizi unapotea, na hatia inachimbua mambo ya zamani: labda ni ile mimba iliyotoka, labda ni zile sindano za uzazi wa mpango. Kuhusu sindano niseme wazi: zinaweza kuchelewesha kushika mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuziacha, lakini hazimfanyi mtu kuwa mgumba. Hata dawa za kupevusha mayai, kama klomifeni, huweza kuyumbisha hisia, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaanza kuzimeza.

Uzito wa hali hii umepimwa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Alice Domar na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake wenye ugumba walikuwa na wasiwasi na sonona kwa kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa saratani na wa moyo.

Ndiyo maana ushauri wa "toa mawazo, utashika mimba" unanikera sana. Unampa mwanamke kosa la pili: kwanza hazai, sasa hazai kwa sababu anawaza. Mwaka 2011 watafiti waliunganisha tafiti 14 za wanawake zaidi ya 3,500 waliokuwa kwenye tiba ya upandikizaji mimba, ambapo yai hurutubishwa nje ya mwili kisha hurudishwa tumboni. Msongo waliokuwa nao kabla ya tiba haukuhusiana na nani alipata mimba na nani alikosa. Tunatibu huzuni kwa sababu inamuumiza mtu, na kwa sababu aliyechoka moyoni huikatiza tiba kabla ya wakati.

Kwa hiyo, mume aje siku ya kwanza na apime mbegu siku za mwanzo. Ndugu zake wakiuliza, ajibu yeye: "Tuko hospitali wote wawili." Sentensi hiyo moja inampunguzia mke mengi. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 35 asingoje mwaka. Miezi 6 inatosha kumuona daktari. Kupumzika tiba kwa miezi michache, daktari akikubali, si kukata tamaa. Mama mkwe anayetaka kusaidia anaweza kuanza kwa kuacha kuuliza.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, akashindwa kulala, kula au kufanya kazi, aombe kuonana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili hospitalini. Akisema afadhali afe, msimjibu kwa mawaidha. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.