Spidi begi halileti ngumi ya kasi: linajenga mabega na sikio

Wiki hii nimeletewa tena kijana mwenye jebu nzito, yaani ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, na kaka yake aliyemleta akaniomba, kwa heshima zote, nimpe spidi begi, lile begi dogo la upepo linaloning'inia chini ya ubao, nusu saa kila jioni ili mikono yake iwe myepesi. Ombi hilo nimelisikia kwa wazazi, kwa mabondia wenyewe, kwa mashabiki wanaosimama kando ya ulingo, na hata kwa makocha wenzangu ninaowaheshimu, na kila mara nimelijibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu mazoezi yalikuwa yanaendelea na kengele ya raundi haimsubiri mtu. Safari hii nimeamua kuliandikia jibu kamili, maana imani hii inawapotezea vijana muda ambao wangeutumia kujifunza jambo lenye manufaa zaidi.

Tuanze na ngumi yenyewe. Jebu ya kasi huanzia kwenye wayo unaosukuma ardhi, hupita kwenye nyonga na bega, kisha kiwiko hunyooka na ngumi husafiri moja kwa moja hadi kwenye shabaha, halafu hurudi kwenye kidevu kwa njia ileile iliyoendea. Sasa mtazame mtu aliye mbele ya spidi begi. Miguu yake imesimama, nyonga yake imetulia, viwiko vimepinda na kuinuliwa karibu usawa wa mabega, na ngumi zake zinachora miduara midogo mbele ya uso. Kiwiko hakinyooki hata mara moja katika raundi nzima. Mwili hujifunza mwendo unaorudiwa, si mwendo unaotamaniwa, na katika kupiga spidi begi hakuna mahali ambapo jebu, huku (ngumi ya kuzunguka kutoka pembeni) wala apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu) inarudiwa jinsi inavyopigwa ulingoni. Kinachomdanganya mtazamaji ni kwamba begi lenyewe linakwenda mbio sana, kwa sababu limejaa upepo na linadundwa na ubao ulio juu yake, ilhali mkono unaolipiga unasafiri umbali mfupi na kwa utulivu mkubwa.

Hapo ndipo huwa naonyeshwa kwenye simu video ya Floyd Mayweather akilichapa begi bila hata kulitazama, na ninaambiwa kwamba ule ndio ushahidi. Mayweather alizaliwa katika nyumba ya mabondia: baba yake alipigana na Sugar Ray Leonard mwaka 1978, na ami yake Roger alikuwa bingwa wa dunia aliyekuja kuwa kocha wake. Mtu aliyelelewa kwenye gimu, na ambaye jioni baada ya jioni amepiga pedi zinazoshikwa na kocha, amepigana mazoezini na amerudia shedo, yaani kupiga ngumi hewani bila mpinzani, tangu utotoni, atakuwa na mikono ya kasi, na pia atalimudu spidi begi. Kuchukua zoezi moja kati ya yote hayo, kwa sababu tu ndilo linalopendeza kwenye kamera, na kulipa sifa ya mengine yote, ni kumnyima bondia huyo haki ya kazi aliyoifanya.

Kwa nini basi spidi begi bado limetundikwa kwenye gimu yangu, na kwa nini hakuna bondia wangu anayeruhusiwa kuliruka? Kwanza ni mabega. Pambano la ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, na la ubingwa katika ngumi za kulipwa hufika raundi 12 kwa wanaume. Katika yote mawili mikono inatakiwa ibaki juu, ikilinda kidevu na mashavu, hata pale ambapo haipigi. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu msuli uliokazwa muda mrefu bila kuachiwa hujibana na kuzuia damu isipite vizuri ndani yake, na ndiyo maana bega huanza kuwaka moto ingawa halijabeba kitu chochote. Mabondia wengi ninaowaona wakiangushwa katika raundi za mwisho hawakuishiwa ujasiri wala mbinu. Mikono yao ilishuka kidogo kidogo, wao wenyewe wasijue, hadi njia ya kidevu ikawa wazi. Spidi begi linamlazimisha mtu kuishikilia mikono palepale inapohitajika, kwa dakika 3, huku ikifanya kazi ndogondogo isiyokoma, na akiishusha begi linamtoroka papo hapo. Sijui zoezi jingine la bei nafuu linalomsahihisha bondia mara moja namna hiyo bila kocha kufungua mdomo.

Hata hivyo, stamina ya bega isichanganywe na pumzi. Baadhi ya vijana huvaa saa za kupima mapigo ya moyo, wakaona namba zimepanda wakiwa kwenye spidi begi, wakahitimisha kwamba wanaweza kuacha kukimbia alfajiri. Kazi ya mikono hupandisha mapigo ya moyo zaidi ya kazi ya miguu inayotumia kiasi kilekile cha hewa ya oksijeni, na hasa mikono inapokuwa juu. Kwa hiyo namba kubwa kwenye saa haimaanishi kwamba mapafu na moyo vimepata zoezi sawa na la mbio. Misuli inayofanya kazi ni michache, na oksijeni inayotumika ni ndogo ukilinganisha na mtu anayepanda kilima kwa mwendo wa kasi. Pumzi ya bondia hujengwa barabarani, kwenye kamba, kwenye begi zito na kwenye mapambano ya mazoezi. Spidi begi linaongeza jambo moja tu katika suala la pumzi, nalo ni la maana: linamfundisha mtu kupumua huku mabega yamekaza, kwa sababu karibu kila anayeanza huzuia pumzi yake bila kujua, na dakika ya kwanza haijaisha ameshakwama.

Faida ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo isiyoelezwa ipasavyo, yaani uratibu wa mkono na sikio. Nasema sikio kwa makusudi. Ukilipiga begi kutoka mbele, linagonga ubao upande wa mbali, linarudi kugonga upande wako, linakwenda tena upande wa mbali, na ndipo linapokujia kukutana na ngumi inayofuata. Kati ya pigo na pigo kuna migongo mitatu, yaani begi kugonga ubao mara tatu, wa kwanza mzito na miwili inayofuata ikipungua, na migongo hiyo ndiyo mdundo ambao kila aliyepita karibu na gimu anaufahamu. Katika mwendo wa kawaida jicho haliwezi kufuata safari hizo moja moja. Linaona ukungu tu. Anayejaribu kulisubiri begi kwa macho huchelewa kila mara, hupiga wakati begi linamkimbia, mzunguko unavurugika, naye anadhani tatizo ni nguvu, anaongeza nguvu, na hali inazidi kuwa mbaya. Tiba ni kupunguza nguvu hadi ionekane kama mchezo wa mtoto, kuhesabu migongo kwa sauti, na kuiachia ngumi ifike baada ya mgongo wa tatu, jinsi mpiga ngoma anavyoingia kwenye zamu yake bila kuutazama mkono wa mwenzake.

Mwanafunzi akishaushika mdundo, huwa namwambia afumbe macho. Wanaanza kwa woga, na wengi hushangaa kwamba begi linaendelea kama kawaida, na wengine hupiga vizuri zaidi kuliko walipokuwa wakitazama. Kwangu mimi sauti hiyo ni kipimo pia. Naweza kuwa nimempa bondia mgongo, nikimfunga mwenzake bandeji, na nikajua kwamba mkono wake wa kushoto umechoka, kwa sababu migongo ya kushoto imelegea na ile ya kulia imekuwa mikali ili kufidia. Katika begi zito kasoro hiyo hufichwa na kishindo. Kwenye spidi begi hakuna pa kuificha, na bondia mwenye mkono mmoja mvivu hujisikia mwenyewe.

Kabla ya mazoezi hayo yote, ubao na begi viwe sawa. Tumbo la begi, pale palipo panene zaidi, liwe usawa wa uso, kati ya mdomo na macho. Kwenye gimu zetu ubao mara nyingi umefungwa mahali pamoja pasipobadilika, kwa hiyo mfupi asimame juu ya kipande cha mbao au kreti imara, wala asilazimishwe kupiga kuelekea juu, maana huko ndiko mabega yanakoumizwa. Tofautisheni moto wa uchovu, ambao husambaa kwenye msuli wa nje wa bega na hutulia katika dakika ya mapumziko, na kichomo kinachochoma ndani ya kiungo mkono unapoinuliwa. Cha pili si cha kuvumilia. Zoezi lisimame siku hiyohiyo, na kama hakiondoki aonwe daktari. Ubao nao uwe mzito na usitikisike, kwa sababu ubao unaocheza hunyonya mdundo na begi hurudi hovyo. Anayeanza apewe begi kubwa na apunguze upepo kidogo kwenye mpira wa ndani ili liende polepole. Begi dogo lililojazwa likakaza ni la waliokwisha kuzoea. Mikono ifungwe bandeji, na glovu zikivaliwa ziwe nyepesi, za mazoezi ya begi.

Somo la kwanza ni fupi. Mkono mmoja, pigo moja, migongo mitatu, kisha begi linashikwa na kusimamishwa. Ukipata mapigo ambayo begi linakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja bila kuyumba pembeni, endelea na mapigo mawili mfululizo ya mkono uleule, halafu mkono wa pili, na kubadilishana mikono kuje baadaye. Ngumi isikazwe. Mzunguko wake uwe mdogo, na usivute mkono hadi kifuani baada ya kupiga. Nusu dakika kwa wakati inatosha kwa anayeanza, na hakuna sababu ya kukimbilia dakika 3 kabla mdundo haujatulia.

Lipi litangulie, uchovu au ufundi, ni swali ambalo makocha tunabishana nalo, na gimu nyingi huliweka spidi begi mwisho kwa mazoea tu. Mimi nalitenganisha kwa kusudi. Kwa anayejifunza mdundo, naliweka mwanzoni, baada ya kupasha mwili moto, kwa sababu mkono uliochoka hujifunza makosa na kuyakumbuka vizuri sana. Kwa bondia ambaye mdundo umeshamkaa na sasa tunatafuta stamina ya mabega, naliweka mwishoni, baada ya pedi na begi zito, raundi 3 au 4 za dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, ili mabega yajifunze kubaki juu katika hali ileile ya uchovu atakayokutana nayo kwenye pambano. Nampa pia miguu ya kufanya: ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na alizunguke begi taratibu bila kuukata mdundo. Hilo ni gumu kuliko kasi yoyote, na ndipo neno uratibu linapopata maana yake kamili.

Lipo jambo ambalo bado linanisumbua. Spidi begi hurudi kila mara kwa njia ileile na kwa wakati uleule, na mpinzani hafanyi hivyo. Nimefundisha vijana waliolimudu begi kwa uzuri wa kuvutia, na ulingoni wakashindwa kabisa kusoma wakati wa kupiga. Nimeona pia mabondia wenye hisia kali ya wakati ambao mbele ya spidi begi walionekana wageni. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha ule uratibu kinahamia kwenye pambano, na ninapomsikia mtu akiutaja kama jambo lililothibitishwa, huwa namwomba anionyeshe. Ninachokiona mwenyewe, na ninachoweza kukisimamia, ni mabega yasiyoshuka, pumzi isiyozuiwa na mikono miwili iliyolingana.

Kuhusu kijana wa jebu nzito, nimemtazama akipiga shedo. Anakaza ngumi na bega tangu kabla ya mkono kuondoka, na uzito wake wote umelala kwenye mguu wa nyuma, hivyo kila jebu inasubiri mwili uhame kwanza. Nimempangia shedo ya polepole mbele ya kioo akiwa amelegeza mabega, kisha pedi za jebu moja moja ambapo namhesabia kurudi kwa mkono kuliko kwenda kwake, na baadaye lile begi dogo lililofungwa lastiki juu na chini, ambalo humkwepa mpigaji na kumrudia bila taarifa. Spidi begi atalipata, dakika chache mwanzoni mwa zoezi, begi kubwa, upepo kidogo, na kaka yake nimemkaribisha aje asimame karibu asikilize.